Kidonda cha kifuani baada ya upasuaji wa moyo: nilivyokiuguza

Wengi wetu tukisikia upasuaji wa moyo tunauogopea moyo. Wangu, baada ya baipasi, yaani upasuaji wa kuupitishia moyo damu kwa mshipa mwingine, haukunisumbua kamwe. Kilichonirudisha hospitali ni kidonda. Nina kisukari cha miaka mingi na mwili wangu ni mzito, na daktari alikwisha kunieleza mapema kwamba watu wa sampuli yangu ndio walio kwenye hatari zaidi ya kidonda kuingia vijidudu. Kwa hiyo lilipotokea halikuwa jambo la kunishangaza. Nisichokijua ni kwamba kukiuguza ni kazi ya miezi, na kwamba sehemu kubwa ya kazi hiyo ingekuwa yangu mwenyewe.

Ili kuufikia moyo, mfupa wa kidari hupasuliwa katikati kwa msumeno kutoka juu hadi chini, kisha hufungwa kwa waya za chuma kisichoshika kutu. Waya hizo huushikilia mfupa mpaka uunge, na kuunga huchukua wiki 6 hadi 8, na kukomaa kabisa kama miezi 3. Ngozi hujifunga mapema zaidi, na hapo ndipo watu wanapodanganyika. Kwenye kioo unaona mstari mkavu, unajiona umepona, kumbe chini yake pande mbili za mfupa bado hazijashikana. Mimi nilikuwa na la ziada: mshipa mmoja waliotumia kuupitishia moyo damu ulitolewa nyuma ya kidari hichohicho, nao ndio uliokuwa ukikilisha. Mfupa uliopungukiwa damu, ndani ya mtu mwenye sukari, hauna nguvu ya kupigana na vijidudu.

Kwangu ilianzia ncha ya chini ya mshono, karibu na tumbo. Nguo ikawa inaganda. Majimaji yalianza kidogo, membamba, yenye wekundu wa mbali, halafu yakawa mazito. Maumivu hayakuwa makali, na homa ilikuja jioni tu tena ndogo, kiasi kwamba mtu angeweza kuipuuza. Nisichoweza kukipuuza ni mfupa. Nikigeuka kitandani au nikikohoa ulilia, kama mtu anayevunja vidole. Niliweka kiganja juu ya kidari nikakohoa makusudi, nikahisi pande mbili zikisogea.

Binti yangu alipendekeza njia ya mkato. "Mama, si tununue tu vidonge vya kukausha usaha?"

"Hapana mwanangu. Twende kwa waliokipasua."

Sikuwa mkaidi bure. Ukimeza antibiotiki kwa kubahatisha kabla usaha haujachukuliwa, maabara inaweza kushindwa kuotesha kijidudu chenyewe, na daktari akabaki anatibu gizani. Na kidonda hiki si cha kutibiwa gizani.

Walichukua usaha, wakachukua damu, wakapiga picha ya CT ya kifua. Swali lao kubwa lilikuwa moja: uambukizo uko juu ya mfupa au umepita chini? Ulio juu, kwenye ngozi na mafuta, mara nyingi hufunguliwa, husafishwa, hufungwa bandeji na hupona kwa dawa za muda mfupi. Uliopita chini hushambulia mfupa wenyewe na nafasi inayouzunguka moyo. Huo huwapata wachache, mtu 1 hadi 3 hivi katika kila 100, lakini unaua. Wangu ulikuwa umepita chini. Maabara iliotesha Staphylococcus aureus, bakteria anayeishi kwa amani puani mwa watu wengi wenye afya. Ndiyo maana hospitali nyingi hupaka wagonjwa dawa ya puani na kuwaogesha kwa sabuni maalumu ya kuua vijidudu kabla ya upasuaji.

Nikarudishwa chumba cha upasuaji. Waya zilizolegea zikatolewa, mfupa na nyama iliyokufa vikakwanguliwa, pakaoshwa, na kidonda kikaachwa wazi. Hili la kuachwa wazi ndilo lililonitisha kuliko yote. Akili ya kawaida inasema tundu kifuani lishonwe haraka. Kwa madaktari, kushona juu ya uchafu ni kuufungia ndani.

Ndipo ikaja mashine ya kufyonza. Sponji hukatwa kwa umbo la kidonda, chini yake hutandikwa tabaka laini ili lisigande kwenye moyo, juu hufunikwa kwa karatasi ya plastiki yenye gundi, na mrija huunganishwa na mashine inayovuta bila kukoma, kwa kawaida kwa nguvu ya 125 mmHg (kipimo kilekile cha presha ya damu). Huvuta usaha na maji yaliyojaa kwenye nyama, huita damu ije kidondani, na huzikaza pande za kifua zisicheze. Hilo la mwisho ndilo nililolihisi kwanza. Siku ile ile niliweza kuvuta pumzi ndefu bila mfupa kulia.

Sponji hubadilishwa kila baada ya siku 2 au 3, na nasema kweli, kubadilisha huko kulikuwa kugumu kuliko upasuaji. Nyama changa huota ndani ya vitundu vya sponji, ukilivuta linang'oa. Mambo mawili yaliniokoa. Kwanza nilidai dawa ya maumivu mapema, nusu saa kabla nesi hajafika na trei yake, kwani ukiimeza amekwisha kuanza ni kazi bure. Pili nilimwomba azime mashine kwanza, aliloweshe sponji kwa maji ya chumvi ya hospitali na tusubiri kidogo kabla ya kulibandua. Wengine wana haraka. Mgonjwa ana haki ya kusema, "Sista, tusubiri kidogo."

Usiku mashine ilikuwa ikipiga kelele kwa sababu hewa ilipenya chini ya matiti, mahali penye jasho na mkunjo. Tulipakausha vizuri na kubandika vipande vidogo vya plastiki juu ya mkunjo, ikatulia. Na kulikuwa na agizo moja lisilo na mjadala: damu nyekundu mbichi ikionekana ndani ya mrija, mashine izimwe, kidonda kikandamizwe na msaada uitwe papo hapo, maana moyo uko chini tu ya hapo.

Kuna jambo ambalo madaktari wanaume hawakulitaja hata mara moja, sijui ni aibu au hawakulifikiria. Nesi mmoja wa makamo alinitazama nilivyolala akaniuliza, "Mama, sidiria yako iko wapi?" Nikamjibu ningevaaje sidiria na kidonda hiki. Akanieleza kwamba matiti mazito yakiachwa yaangukie pembeni huuvuta mshono kila upande, mchana na usiku. Nikatafuta ya kufungia mbele, isiyo na waya, pana mabegani, nikawa naivaa hata nikilala. Ningeambiwa siku ya kwanza ningeshukuru zaidi.

Sukari nayo. Uambukizo huipandisha, na ikipanda chembe nyeupe za damu huwa goigoi, uambukizo unanawiri, sukari inazidi kupanda. Vidonge vyangu vya kawaida vikasimamishwa nikawekwa kwenye insulini, na lengo lilikuwa isipite 10 mmol/L, yaani 180 kwa kipimo kile kingine cha mg/dL. Hapa hakuna wa kukusaidia kama huna nia, kwa sababu wageni huja na vitamu na wewe huna hamu ya chakula kingine. Kidonda kilicho wazi hutoa protini kila saa pamoja na yale majimaji, kwa hiyo nilikula nyama, mayai na maharage kama dawa, kidogo kidogo mara nyingi, hata pale antibiotiki zilipougeuza ulimi kuwa mchungu.

Kidonda kilipokuwa chekundu, safi, na vipimo vya damu vikashuka, daktari wa upasuaji wa kurekebisha maumbo alisogeza misuli ya kifua kutoka pande zote mbili akaikutanisha katikati, kisha akashona. Msuli una damu nyingi, na damu ndiyo inayobeba dawa hadi kwenye mfupa. Baada ya hapo antibiotiki ziliendelea kwa mrija mwembamba uliopitishwa mkononi hadi mshipa mkubwa ulio karibu na moyo. Kwa mfupa huwa ni wiki 6 hivi, pamoja na kupimwa damu mara kwa mara kwa kuwa baadhi ya dawa hizo huchosha figo. Binti yangu alijifunza kunawa mikono kama mtu wa chumba cha upasuaji. Asiyenawa hakuruhusiwa kuugusa mrija, hata angekuwa shemeji aliyetoka mbali.

Kuinuka kitandani nilijifunza upya: kujiviringisha ubavuni, kushusha miguu, na kuinuka bila kusukuma kwa mikono. Viwiko vilikaa karibu na mbavu. Kikohozi kikija, nilikumbatia mto. Mtoto, ndoo, mlango mzito, vyote nilimwachia mwingine.

Leo mfupa haulii tena. Nikisukuma kitu kwa mikono miwili nasikia misuli ikivuta katikati ya kifua, jambo ambalo daktari alisema ni la kutarajiwa kwa kuwa misuli hiyo haiko tena mahali pake pa zamani. Ngozi ya hapo ina ganzi. Vipimo vya uambukizo vilirudi kawaida kabla mrija haujatolewa, na nimeagizwa kwamba hata sasa, tone lolote likitoka kwenye kovu, nisikimbilie duka la dawa bali niende kwa walewale waliopasua kifua changu.