Siku mbili tu kwa mwaka

Bwana Yesu asifiwe wapendwa. Wiki hii nimekaa na Danieli 1 lakini akili ikanikimbilia kwa mchezaji mpira, wale msiopenda mpira mnisamehe.

Kuna straika mmoja Muingereza anaitwa Harold Fleming, kazaliwa 1887, kaingia Swindon Town 1907 na hakuhama mpaka anastaafu 1924. Swindon ulikuwa mji wa karakana za reli, na timu wakati huo ilikuwa Southern League, sio ile ligi kubwa, ila jamaa akaitwa timu ya taifa, kati ya 1909 na 1914 kacheza mechi 11 kafunga magoli 9. Kwa mtu wa klabu ya pembeni, sio mchezo.

Sasa Fleming alikuwa hachezi Ijumaa Kuu wala Krismasi, kwa ajili ya imani yake. Hachezi. Na enzi zile hizo ndo zilikuwa siku za mechi haswa, wafanyakazi wako likizo, uwanja umejaa, klabu inakusanya hela ya getini. Nadhani kuna wenzake walionuna, mimi ningenuna.

Ila angalia, mpira hakuuacha. Danieli naye hakugomea Babeli, alisoma lugha yao, akaitwa jina lao, akamtumikia mfalme. Alichokataa ni chakula na divai ya mfalme tu, tena alimwendea msimamizi kwa adabu akamwomba yeye na wenzake wajaribiwe siku 10. Sisi tunailaumu dunia nzima kwenye status halafu kale kadogo tulikopewa tukashike tunakaachia.

Na msidhani msimamo ulimpa kinga. 1912 Swindon wako nusu fainali ya FA Cup, lile kombe la mtoano la Uingereza, mara ya pili ndani ya miaka mitatu, wamekutana na Barnsley, Fleming akaumizwa vibaya, ngoma ikaisha sare na mechi ya marudio hakuwepo, Barnsley wakapita wakaenda kubeba na kombe. Hapo ndo nilipokaa sana, maana mimi ningemuuliza Mungu, sasa zile Krismasi zangu zote? Yeye alirudi uwanjani akacheza, na 1914 Swindon wakachukua ubingwa wa Southern League.

Kilichonichoma ni kwamba Fleming alijulikana hivyo, hakujificha. Mimi dukani kwetu sikukuu hatufungi, kila Ijumaa Kuu natafuta sababu, mwaka huu nilisema tumbo, mwaka jana nilizusha msiba, sijawahi kumwambia bosi kwamba bwana mimi siku hiyo naenda kusali. Jumatatu namwambia, mapemaaa, kabla hajapanga zamu. Mniombee, na mama wa kamati ya maombi naomba unipigie asubuhi nisije nikajidai nimesahau.