Mfupa ulikatika katikati

Nina miaka 14 nikiwa afisa wa kliniki katika hospitali ya serikali hapa Pwani ya Kenya, na P3 nyingi za eneo letu, zile fomu za kuthibitisha majeraha ya mtu, hujazwa na mkono wangu. Nimeamua kuandika juu ya moja.

Jumatatu asubuhi askari alileta kijana wa bodaboda aliyekuwa seli tangu Ijumaa. Mamake alikuja nyuma yao, leso imemponyoka kichwani wala hana habari nayo.

"Daktari, huyu aliteleza chooni," askari akaniambia kabla sijauliza kitu.

"Afande, naomba unisubiri nje. Mgonjwa namwona bila askari."

Hakupendezwa, lakini alitoka. Mama nikamwacha akae.

Mkono wa kushoto ulikuwa umevimba kati ya kiwiko na kifundo. Mtu akiteleza hutanguliza kiganja, na mara nyingi huumia karibu na kifundo. Eksirei ilionyesha kifundo kizima. Kilichovunjika ni mfupa mmoja tu, ule wa upande wa kidole cha mwisho, umekatika katikati. Hapo ndipo pigo hutua mtu anapoinua mkono kukinga kichwa. Madaktari wanaotumia Kiingereza wameuita mvunjiko huo kwa jina la rungu la polisi.

"Ilikuwaje, mwanangu?" nikamuuliza.

Hakujibu. Aliuinua ule mkono mbele ya uso, taratibu, kisha akaushusha. Mamake akageukia ukutani.

Niliandika kila alama: ilipo, rangi yake, urefu wake kwa sentimita, na saa niliyoiona. Niliandika pia kwamba askari anasema aliteleza na mgonjwa anaonyesha kwa ishara kwamba alipigwa, kila mmoja kwa namna yake.

Sheria tunayo. Tangu 2011 kuna Sheria ya Mamlaka Huru ya Kutathmini Utendakazi wa Polisi, IPOA. Kifo au jeraha baya linaloshukiwa kutokana na kitendo cha polisi huchunguzwa na watu wasiokuwa polisi, na faili hupelekwa kwa Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma. Sheria ya polisi nayo inamlazimu afisa aliyemuumiza mtu vibaya aripoti mwenyewe. Nilimweleza mama haya yote, na kwamba malalamiko hayalipiwi hata shilingi.

Linaloniuma ni karatasi. Mpelelezi wa nje hafiki usiku uleule. Akifika, uvimbe umeshuka na michubuko imefifia, basi anategemea kilichoandikwa. Na P3 ni fomu ya polisi: sehemu ya kwanza hujazwa na afisa wa kituo. Kijana aliyevunjwa mkono seli anatakiwa aende kwenye kaunta ileile, pengine kwa watu walewale, aombe fomu ya kuthibitisha walichomfanyia. Wangapi wanarudi nyumbani bila kuiomba?

Anayeona natia chumvi akumbuke Albert Ojwang, mwalimu aliyekamatwa Homa Bay Juni 2025 na kufia mikononi mwa polisi Nairobi. Kauli ya kwanza ya polisi ilikuwa kwamba alijigonga kichwa ukutani. Wapasuaji wa maiti walikuta damu imevilia pande mbalimbali za kichwa, shingo imekabwa na mwili una majeraha mengi, na wakasema haielekei alijiumiza mwenyewe. Bila mwili ule kuchunguzwa na wataalamu, ukuta ndio ungebeba lawama.

Kwa aliyebakwa tunayo PRC, fomu ya Wizara ya Afya. Inaanzia hospitalini, mgonjwa atibiwe na ushahidi uandikwe kabla hajakanyaga kituo. Sioni kwa nini aliyeumizwa seli asipewe ya namna hiyo, ijazwe na sisi na nakala iende moja kwa moja kwa IPOA. Wenzangu wa kliniki, kabla hatujaipata fomu hiyo, tafadhali andikeni saa. Mpelelezi alipokuja kwangu, kitu cha kwanza alichoomba ni rejista, akapitisha kidole kwenye safu ya saa kabla hajasoma jina.

Wiki iliyopita kijana alikuja kutolewa plasta. Nilimwambia akunje ngumi. Vidole vilifika nusu vikasimama. Huo ndio mkono wa klachi, na pikipiki si yake, ni ya tajiri, anatakiwa apeleke hesabu kila jioni. Nimempangia mazoezi ya viungo mara mbili kwa wiki. Mamake huja naye, na nakala ya ile P3 anayo ndani ya mfuko wa nailoni, ameikunja mara nne.