Arkwright, ukoo wa mafundi makasha

Huku Langoni, mtaa wa Lamu, ukiulizia fundi, utaulizwa: wa milango, wa majahazi au wa makasha? Waingereza wa kale walitia kazi ndani ya jina. Wainwright aliunda magari ya kukokotwa. Arkwright, jina la pande za Lancashire, makasha makubwa ya kuwekea unga. Mimi niliyekulia kwenye vumbi la mbambakofi nampendelea huyu wa pili.

Mashuhuri wao, Richard Arkwright, alizaliwa Preston 1732. Randa wapi! Alikuwa kinyozi na mtengeneza nywele za bandia, kisha 1769 akapata hataza ya mashine ya kusokota uzi. Jina lilishakuwa urithi tu.

Baba, misumari ya shaba mdomoni, aliuliza: “Hao mafundi makasha walitumia mbao gani?”

Mara nyingi mwaloni.