Kasino ya wageni peke yao: ahadi ninayoitilia shaka

Kila mazungumzo ya utalii yanapopamba moto hapa Unguja, hachelewi kutokea mtu wa kudai kwamba tunajinyima fedha nyingi kwa kutoikaribisha kasino. Zamani niliyasikia maneno hayo kwa minong'ono. Siku hizi husemwa mchana kweupe, tena na watu wanaoswali sala tano, ambao huharakisha kuongeza kwamba kasino hiyo itakuwa ya wageni peke yao. Nyongeza hiyo ndiyo inayonitia wasiwasi kuliko hoja yenyewe.

Mabadiliko ya namna hii si ya kwetu tu, na mara nyingi huanzia kwenye shida ya fedha. Jimbo la Nevada, Marekani, lilihalalisha kamari mwaka 1931, katikati ya mdororo mkubwa wa uchumi. Wapigakura wa New Jersey walizikataa kasino mwaka 1974, kisha wakazikubali mwaka 1976 walipoahidiwa kwamba zingebaki katika mji mmoja tu, Atlantic City, uliokuwa umefifia. Majimbo jirani nayo yalipofungua za kwao, wateja walipungua, na mwaka 2014 pekee kasino nne za mji huo zilifungwa na maelfu ya watu wakapoteza kazi.

Singapore inastahili kutazamwa kwa makini zaidi, kwa kuwa ni kisiwa na kwa kuwa watetezi wa kasino hupenda kuitaja. Lee Kuan Yew, waziri mkuu wa kwanza wa nchi hiyo, aliipinga kasino kwa miaka mingi kabla ya kulegeza msimamo, na serikali ilipotangaza uamuzi wake mwaka 2005, ilikiri hadharani kwamba baadhi ya familia zingeumia. Kasino zilipofunguliwa mwaka 2010, raia na wakaazi wa kudumu walitakiwa kulipa dola 100 za nchi hiyo ili kuingia kwa siku moja, kiwango kilichopandishwa hadi 150 mwaka 2019, na familia ikapewa njia ya kuomba jamaa yao azuiwe mlangoni. Serikali yenye nidhamu kama ile haikuwaahidi watu wake kwamba kamari ingewagusa wageni tu. Sisi tunaiahidi kwa msingi gani?

Wengine hutaja Umoja wa Falme za Kiarabu, ulioanzisha mamlaka ya kusimamia michezo hiyo mwaka 2023 na kutoa leseni ya kasino ya Ras Al Khaimah, mojawapo ya falme hizo, mwaka uliofuata. Mimi sioni kwamba leseni ya nchi yoyote inagusa hukumu ya kukataza kamari iliyomo katika Suratul Maida, aya ya 90. Aya ninayoirejea zaidi katika mjadala huu, hata hivyo, ni ya 219 ya Suratul Baqara, kwa sababu haikanushi kwamba kamari ina manufaa kwa watu. Inasema kwamba dhambi yake ni kubwa kuliko manufaa yake. Anayeniletea hesabu za kodi ananiletea jambo lililokwisha kujibiwa.

Tena huo uzio wa wageni utajengwa wapi? Watakaogawa karata na kuhesabu fedha usiku kucha ni vijana wetu wa Nungwi na Paje, na kijana wa Michenzani au Chake Chake tayari anaweza kuweka mkeka, yaani kubashiri matokeo ya mechi kwa fedha, kwa simu akiwa amekaa kibarazani. (Ni wazazi wachache ninaowasikia wakilizungumza hilo, nami nadhani tumelinyamazia mno.)

Sheria ya Michezo ya Kubahatisha ya mwaka 2003 na Bodi yake ni za Tanzania Bara, na jambo hili si la Muungano. Kwa hiyo uamuzi ni wa Wazanzibari, nao haufai kupita kimyakimya ndani ya mkataba wa mwekezaji mmoja. Anayeitaka kasino na alete mswada Chukwani, mbele ya Baraza la Wawakilishi, uandikwe waziwazi nani atagharamia matibabu ya waliotekwa na kamari, fedha za kodi zitakwenda wapi, na kama mke aliyeko Makunduchi ataweza kuomba mumewe azuiwe mlangoni. Mswada huo ukija, nitaupinga, na nitawaomba wawakilishi wetu wapige kura kwa kutajwa majina.