Siku tatu katika bonde la Conwy

Treni ya kutoka London Euston ilitufikisha Llandudno Junction baada ya muda wa saa tatu hivi. Hapo tulipanda treni ndogo ya bonde la Conwy, kaskazini mwa Wales. Panga saa zako kwa kuifuata hii ndogo, kwa sababu ikikupita unasubiri saa kadhaa. Mto ukifurika, reli hukatika. Mwaka 2019 dhoruba iliifunga tangu Machi hadi Julai. Mvua ikikesha, ulizia kwanza kama treni ipo.

Dolwyddelan, kijiji tulichoshukia, treni haisimami bila kuombwa. Mwambie kondakta mapema. Siku ya kurudi, simama jukwaani unyooshe mkono dereva akuone, kama unavyosimamisha daladala.

Tulilala katika nyumba ya wageni; kibao cha nyumba za aina hii kwa Kiwelisi husomeka Gwely a Brecwast, yaani kitanda na kifungua kinywa. Mwenye gari asitegemee msimbo wa posta pekee: huku mashambani msimbo mmoja huchukua nyumba zilizotawanyika mbali, na ramani ya simu inaweza kukuacha kwenye lango la jirani. Mwombe mwenyeji alama kamili ya mahali, uihifadhi kwenye simu kabla ya kuondoka, kwani mtandao hupotea kati ya milima.

Chumba kilikuwa na joto, blanketi zito na birika la umeme. Plagi ni ileile ya pini tatu ya Kenya na Tanzania, ila bafuni hakuna soketi ya kuchaji simu. Maji ya bafu yakitoka baridi, au yasipotoka kabisa, tazama darini: kuna kamba. Ivute mara moja, taa nyekundu iwake, ndipo umeme wa kupasha maji unafika. Mgeni asiyeijua kamba hii anaweza kukosa maji ya moto bure.

Kifungua kinywa ndicho kinachostahili maandalizi. Sahani ya Wales ina mayai, beikoni, soseji, uyoga, nyanya, na pengine bara lawr. Hii ni mwani wa pwani yao, si ule unaolimwa Zanzibar. Huchemshwa kwa saa nyingi hadi uwe rojo nzito ya kijani kinachokaribia weusi, ukachanganywa na unga wa oti na kukaangwa. Una ladha ya bahari hasa, na tunaupendekeza kwa moyo wote. Lakini mara nyingi hukaangwa kwa mafuta yaliyotoka kwenye beikoni, na soseji kwa kawaida ni za nguruwe. Asiyekula nguruwe aseme siku ya kuweka nafasi, si mezani, na aombe kikaango cha peke yake na mafuta ya mimea. Ukiwahi kusema, si tabu kwa mwenyeji.

Chakula cha jioni aghalabu hakimo katika bei. Jiko la baa ya kijijini huweza kufungwa saa mbili au tatu usiku, kwa hiyo agiza meza kabla hujaanza kupanda mlima.

Majina yasikutishe. Dd ya Yr Wyddfa, mlima wa mita 1,085, ni dh ya dhahabu, na f yake ni v. Ch ya diolch, yaani asante, ni kh ya kheri. Ngumu ni ll ya Llanrwst, mji wa bonde hili: weka ulimi kama wa kutamka l, kisha pitisha pumzi pembeni bila sauti.