Nani alipaka hii?

Nilidhani ni lori. Ukiteremka kutoka Isyonje kuja Igawilo, harufu ya breki zilizoungua imezoeleka kama ukungu wa Julai. Mara nyingi utakuta semi imeegeshwa pembeni, utingo kaweka jiwe kwenye tairi, magurudumu yanafuka. Basi nikapandisha kioo, nikaendelea. Nilikuwa natoka Tukuyu kwa mama, nyuma nina mikungu miwili ya ndizi na debe la maparachichi, akili yote iko kwenye mitihani ya kidato cha tatu ambayo sijasahihisha.

Kilichonishtua ni mguu wangu mwenyewe. Nateremka mlima huku nakanyaga mafuta! Aliyewahi kuendesha pale anajua gari haiombi mafuta, inaomba kuzuiwa. Mimi huiweka gia ya pili na bado inataka kukimbia. Siku hiyo nikiachia, inasinzia. Na usukani ulikuwa unavuta kulia, taratibu, kama mtoto anayekuvuta shati sokoni.

Nikaegesha. Nikaizunguka gari nikipitisha kiganja karibu na rimu bila kugusa. Za nyuma vuguvugu. Mbele kushoto, joto la kawaida la mlima. Mbele kulia, joto lilinipokea kabla sijafika. Kijana wa bodaboda akaja mbio na dumu la maji: "Tuipoze, braza." Nikamshukuru, nikamzuia. Diski iliyoiva vile, uimwagie maji ya Igawilo yaliyo baridi kama ya friji, inaweza kupinda au kupasuka. Tukakaa kwenye majani tukala parachichi, tukasubiri ipoe yenyewe. Karibu saa nzima.

Fundi wa kwanza alinikuta pale pale barabarani. Hakuvua hata tairi. Alichungulia tu kwenye matundu ya rimu, akatangaza kwamba kalipa, kile kibanio kinachobana pedi za breki kwenye diski, imekufa na yeye anajua duka lenye ya mtumba. Huenda ningekubali, maana Corolla yenyewe ni ya 1998, namba B, na gari ikifika umri huo unakuwa tayari kuamini msiba wowote. Lakini mfukoni sikuwa na kitu. Umaskini nao una siku zake za kusaidia.

Nikajikongoja hadi Uyole, kwa mzee mmoja mwenye gereji chini ya mikaratusi. Huyu haongei sana. Alipiga jeki, akaweka na gogo chini kwa usalama, akalizungusha gurudumu kwa mikono miwili. Likagoma, likasogea robo, likasimama.

"Mwalimu, sasa tuiulize," akasema.

Akafungua kidogo ile nati ya kutolea hewa nyuma ya kalipa. Yakatoka mafuta ya breki yenye rangi ya chai ya rangi iliyolala. Akazungusha tena gurudumu. Bado zito. Akanieleza bila kuinua kichwa: kama lingelegea pale, shida ingekuwa presha iliyonaswa, na mshukiwa wa kwanza ungekuwa mpira wa breki, ule unaopitisha mafuta kwenda kwenye kalipa. Mpira ukizeeka huvimba kwa ndani, mguu wako unasukuma mafuta yaende, lakini ukiachia hayarudi. Kwa nje unauona mzima kabisa. Haukuwa huo.

Akavua kalipa. Pedi ya ndani ilikuwa imekwisha, imebaki kama ganda la muwa, karibu chuma kiguse diski. Ya nje bado nene. Nikamwona anatabasamu kidogo. Akabana pistoni kwa klampu, nayo ikarudi ndani polepole bila ubishi, raba yake ya vumbi nzima, haina kutu. Kwa hiyo kalipa haikuwa imekufa. Kalipa za aina hii zina pistoni moja tu upande wa ndani. Ukikanyaga breki, pistoni inasukuma pedi ya ndani, halafu kalipa yote inateleza juu ya pini mbili ili kuivuta na ile ya nje. Pini zikigoma kuteleza, pedi ya ndani inafanya kazi ya wawili, tena haipati nafasi ya kuliachia diski.

Pini ya juu ilichomoka kwa vidole. Ya chini ilitaka koleo, mafuta ya kulainisha, na maneno fulani ya Kinyakyusa ambayo mama asingependa niyaandike. Ilipotoka, kile kiraba cha kwenye ncha yake kilikuwa kimevimba kama haragwe lililolala kwenye maji.

Mzee akaipeleka puani. Akafuta grisi kwa kidole, nyeusi, nzito.

"Nani alipaka hii?"

Ilikuwa grisi ya beringi. Raba za breki zimetengenezwa kuvumilia mafuta ya breki, siyo grisi inayotokana na petroli. Zikikutana nayo zinainywa, zinavimba, na tundu la pini halitanuki kuzipisha. Hayo nimeyajua sasa. Mwaka jana nilijua tu kwamba nina kopo la grisi, nina Jumapili, na nina video niliyoitazama nusu.

"Fundi mmoja," nikajibu.

Akanyamaza. Akasafisha tundu kwa kitambaa na spiriti, akavalisha pini kiraba kipya, akapaka grisi ya silikoni kidogo sana, utadhani anapaka mtoto dawa ya macho. Pedi tulinunua za pande zote mbili, kwa sababu ukibadilisha upande mmoja gari itakuvuta kila ukikanyaga. Halafu akaniingiza ndani ya gari tutoe hewa na yale mafuta yaliyochoka, maana mafuta ya breki hunyonya unyevu hewani, na yenye maji huchemka mapema mlimani.

"Kanyaga. Shikilia." Nasikia nati inalia. "Haya, achia."

Tulirudia hadi nikapoteza hesabu. Mwisho akalisukuma gurudumu kwa kidole kimoja, likazunguka, likaendelea kuzunguka huku yeye ananawa mikono.

Nilimlipa, nikampa na mkungu mmoja wa ndizi. "Ndaga fijo," akasema. Nimeshawasha gari, akagonga kioo. Alikuwa ameshika kile kipakiti cha grisi ya silikoni, kimebaki nusu, amekikunja vizuri mdomo.

"Umpelekee yule fundi wako."