Madaftari matatu ya mwalimu wangu wa kwaya

Mwalimu aliyenifundisha kwaya nilipokuwa sekondari hapa Malindi hakuwa na kinanda. Alikuwa na uma mdogo wa chuma wa kutolea sauti, ambao aliugonga gotini na kuuweka sikioni hadi aisikie noti ya la, kisha akashuka kimyakimya, midomo ikicheza, mpaka akaipata do aliyoitaka, na hapo ndipo alipotugawia sauti: soprano, alto, teno na besi. Ubaoni noti ziliandikwa kwa herufi tu, d, r, m, f, s, l, t, kwa ile njia ya sol-fa aliyoieneza John Curwen kule Uingereza katika karne ya 19. Kwa chaki hiyo alitunga, akafundisha na kuongoza, na sikuwahi kumwona akizitenganisha kazi hizo tatu.

Siku moja alifuta mstari mzima wa wimbo aliotutungia kwa ajili ya Tamasha la Muziki. Mstari ulihusu barabara ya kwenda Lamu, nasi tuliamini kwamba tumeuimba vizuri. Alitusimamisha akauliza, "Wanangu, mnaimba njia ama mnaimba sawasawa?" Pigo zito lilikuwa limeangukia silabi ya pili, na neno barabara likitiliwa mkazo hapo halimaanishi njia tena. Akasema kosa ni lake, si letu, akauandika upya mstari huo tukiwa tumesimama.

Kwa nyimbo za Kigiriama alikuwa mwangalifu zaidi, kwa kuwa hiyo ni lugha ya toni, na sauti ikipandishwa pasipostahili msikilizaji hulipoteza neno. Ndiyo maana mara nyingi alizifanya sauti zote nne zipande na kushuka pamoja, badala ya besi kushuka wakati soprano inapanda, kama tulivyozoea katika nyimbo za kanisani zilizotoka Ulaya.

Wimbo wetu wa taifa ulipatikana kwa kazi ya namna hiyo. Mwaka 1963 wanamuziki watano, Graham Hyslop, George Senoga-Zake, Thomas Kalume, Peter Kibukosya na Washington Omondi, waliuchukua wimbo wa kubembelezea watoto wa Wapokomo wa Mto Tana, wakaupangia sauti na kuutilia maneno. Kila ninapouvuka mto huo pale Garsen huwakumbuka, na huniuma kwamba watoto wanaouimba kila wiki mbele ya bendera hawatajiwi hata jina moja kati ya hayo matano.

Mwalimu wangu amestaafu. Tungo zake zimo katika madaftari matatu yaliyoandikwa kwa penseli inayofifia, na hakuna hata moja iliyochapishwa. Kila Jumamosi mimi huenda kwake Muyeye kuzinakili. Yeye huimba besi taratibu, mimi huandika, kisha humwimbia nilichoandika, na ninapokosea mkazo huinua kidole kabla sijafika mwisho wa neno.